Gauni la Karatasi Namba 41

6 Februari

Kwa Bwana Mchapishaji,
Karakana ya Stika za Modeli.

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Mwalimu wetu wa lugha ametufundisha kwamba ukimwandikia mtu asiyekujua, anza na swali lenyewe ili asipoteze muda wake. Swali langu ni hili: ulijuaje kwamba gauni lilikuwa jeusi?

Sasa naeleza. Mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori, aliniletea zawadi ya boksi la modeli. Ni ndege ya mabomu ya wakati wa ile vita kuu, ya plastiki, vipande mia moja na arobaini vya kuunganisha kwa gundi. Ndani mlikuwa na stika zenu za maji, Karatasi Namba 41, za kubandika kwenye pua ya ndege: mwanamke amesimama mlangoni, mkono juu ya komeo, gauni jeusi hadi miguuni. Chini yake mmeandika, "Mjane akisubiri. Ndege hii haikurudi."

Mwanamke huyo alichorwa na babu yangu mzaa mama. Wakati wa vita alikuwa kijana wa kupaka rangi kwenye kiwanja cha ndege, na vijana saba wa ndege ile walimwomba awachoree kitu puani. Picha ya siku hiyo anayo mpaka leo kwenye droo yake. Yeye yuko juu ya ngazi, ameshika brashi. Ni picha ileile mliyoiweka kwenye kijikaratasi cha maelezo, ila yenu imekatwa pembeni na ngazi haionekani.

Mjomba alipoona stika alicheka. "Baba, kumbe uliwachorea msiba kabla haujafika! Ningekuwa mimi rubani ningeshuka nikatembea kwa miguu." Mjomba ni mtu wa utani, hakukusudia ubaya. Babu akaweka kikombe chini, akasema, "Lilikuwa la manjano."

Mama akauliza, "Nini kilikuwa cha manjano, baba?"

Babu akajibu, "Basi. Labda nimesahau." Akaenda kulala, saa kumi alasiri, chai yake ikabaki.

Tangu siku hiyo hataki modeli iwekwe mezani. Mama anasema nimwache, ni uzee. Lakini mimi nataka kujua. Kama lilikuwa jeusi, nitalibandika jeusi na sitamsumbua tena. Kama lilikuwa la manjano, basi babu hakuwachorea wale vijana msiba, na inafaa aambiwe akiwa bado anatusikia.

Naambatisha bahasha yenye stempu kwa ajili ya jibu.

Wako mtiifu,
Mjukuu wa Mchora Mabango
(Hiyo ndiyo kazi aliyofanya baada ya vita.)


17 Februari

Mjukuu,

Marahaba. Barua yako imefika, lakini Bwana uliyemwandikia hayupo. Alikuwa mume wangu, na alifariki mwaka juzi. Mimi ndiye ninayechapa. Wateja huniita Mama Stika, nawe waweza.

Utafiti ulikuwa wake. Alisoma vitabu vya mafundi wa jeshi, akapekua magazeti yaliyoliwa na mende, akaomba picha kwa watoto wa watu waliokufa. Mimi nilipiga taipu na kusukuma wino. Swali lako lina jibu fupi: alitazama picha, na kwenye picha gauni ni jeusi. Hakuwahi kutia rangi ambayo hakuiona kwenye picha au kuisoma kitabuni. Watu wa modeli walimheshimu kwa hilo, na mimi pia.

Mwisho wa Aprili nafunga karakana. Mgongo umegoma na mashine imepata mnunuzi. Karatasi ya mwisho nitakayochapa ni hiyohiyo 41, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Watu wanampenda Mjane. Mjane halisi anayekaa hapa akisugua wino kwenye kucha, huyo hawamwulizii.

Mwambie babu yako asijisumbue kuandika tena. Mtu akifika umri wetu anastahili kupumzika. Wewe bandika stika yako, mwanangu, kisha ushike vitabu.

Mama Stika


28 Februari

Shikamoo Bibi,

Nakuomba radhi kwa kukuita Bwana. Nimeona aibu, hasa baada ya kusoma habari za marehemu. Pole sana. Mama pia anakupa pole.

Umesema babu asijisumbue kuandika tena. Nadhani ulichoka ukachanganya, maana anayekuandikia ni mimi. Babu haandiki siku hizi. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na mkono unatetemeka hata akifunga vifungo vya shati.

Bibi, nilitaka kukutii. Niliketi Jumamosi nibandike stika, nikakata karatasi, nikatayarisha maji kwenye kisosi. Kabla ya kulowesha nikaiweka picha ya babu pembeni ili nijue mahali pa kubandika, maana modeli isiyo sahihi afadhali isiundwe. Nikachukua lenzi ya babu ya kusomea gazeti.

Chini ya pua ya ndege, pale pichani, kuna kigari chenye mabomu manne. Kila bomu lina mkanda uliozunguka shingo. Kwenye karatasi yenu mmechapa mikanda hiyo pia, midogo kama punje za mchele, na mmeichapa kwa rangi ya manjano. Lakini pichani mikanda ni myeusi. Ni myeusi sawasawa na gauni. Nilikata matundu mawili kwenye kadi, moja juu ya gauni na moja juu ya mkanda, nikamwita mama aangalie bila kumwambia ni nini. Nikamwuliza ipi nyeusi zaidi. Mama akasema, "Zote moja. Unanipima macho?"

Sasa sielewi. Ikiwa picha ileile ilimwonyesha marehemu mikanda myeusi, kwa nini akaichapa manjano? Na ikiwa alijua mikanda ni ya manjano ingawa pichani ni myeusi, kwa nini gauni halikuweza kuwa vilevile?

Nilimwuliza babu rangi aliitoa wapi. Nilimwuliza kwa kuzunguka, kama naulizia mambo ya shule. Alisema pale kiwanjani hapakuwa na duka. Kulikuwa na kijani ya kupaka ndege, nyeupe ya namba, na kopo la rangi ya kutia alama mabomu. "Basi. Nyingine ungeitoa wapi, kwenye upinde wa mvua?" Nikamwuliza hiyo ya mabomu ilikuwa rangi gani. Akaniangalia, akaniambia nikasome.

Bibi, hujachapa bado, sivyo? Tafadhali usichape kabla hujatazama.

Mjukuu wa Mchora Mabango


20 Machi

Shikamoo Bibi,

Sijapata jibu, nikafikiri labda barua ilipotea, kwa hiyo nimeinakili upya na kuiweka ndani. Kama haikupotea na umekasirika, basi nisamehe. Mama amesema nimemsuta marehemu, na kwamba asiyekuwapo na lake halipo, hawezi kujitetea. Sikufikiria hivyo nilipoandika. Nilifikiria mikanda tu.

Babu alikuwa na homa wiki mbili, sasa hajambo kiasi. Anakaa dirishani. Mjomba alipokuja kumjulia hali alijaribu utani mwingine, babu akamwambia, "Mwanangu, nimechoka kuchekeshwa." Mjomba akakaa kitako, akamkata kucha za miguu.

Imebaki miezi miwili hadi mtihani. Modeli iko juu ya kabati, haina pua.

Mjukuu


2 Aprili

Mjukuu,

Haikupotea. Ilifika tarehe nane Machi, nami nikaiweka chini ya kopo la wino, na kila asubuhi nikalisogeza kopo na kulirudisha.

Hukumsuta marehemu. Ngoja nikuambie aliyestahili kusutwa.

Sikuchanganya niliposema "tena". Babu yako alituandikia, miaka kumi na miwili iliyopita. Aliiona Karatasi 41 kwenye dirisha la duka la vifaa vya shule. Barua yake ninayo, kurasa mbili, mwandiko wa mtu wa mabango, herufi zimesimama kama askari. Alisema gauni lilikuwa la manjano, ya kopo la mabomu. Alisema vijana wale walitaka mtu wa kuwafungulia mlango wakirudi, akawachorea mwanamke wa kufungua, wala hakuwa mjane wa mtu. Aliomba tu tubadilishe rangi na maneno. Hakuomba kingine.

Jibu nililipiga taipu mimi, kwa vidole hivi. Nakala yake hii hapa, neno kwa neno: "Mzee wangu, picha haisahau. Wanadamu ndio husahau. Tunakushukuru kwa kutuandikia." Nilipolimaliza nilimwambia mume wangu, "Hili jibu lina ukali." Akasema, "Lina ukweli." Nikatia stempu.

Sasa kuhusu mikanda yako. Nilikwenda kwa mpiga picha wa pasipoti hapa mtaani, mzee aliyeanza kazi enzi za kamera za miguu mitatu. Nilimwonyesha. Hakuhitaji hata lenzi. "Mama, filamu nyingi za zamani zilikuwa vipofu wa manjano. Zilikuwa zinaiona nyeusi. Bibi harusi akija na kitambaa cha manjano tulimwambia akavue." Mume wangu alipaka mikanda manjano kwa sababu kitabu cha silaha kilisema hivyo. Gauni halikuwa na kitabu. Lilikuwa na babu yako tu.

Je, alijua habari ya filamu? Nimejiuliza wiki hizi zote. Nadhani hakujua. Ila barua ile ilitosha kumfanya aulize, naye hakuuliza, kwa sababu Mjane alikuwa ameshapendwa. Nami sikumsukuma. Nilikuwa nakula kwa Mjane huyo.

Haya, tuje kwenye kazi, maana siku zinakwisha. Stika huchapwa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na fremu yake ya kitambaa. Wino hupita palipo wazi tu. Nyeupe hutangulia, kisha manjano, kisha rangi za ngozi na mbao, nyeusi mwisho. Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshapitisha zote isipokuwa nyeusi. Karatasi mia nne zimelala hapa kwenye rafu, na mwanamke amesimama na gauni jeupe, hana rangi. Sikuweza kuendelea.

Naweza kulipaka manjano. Lakini nahitaji fremu mpya, na fremu hutengenezwa kutokana na mchoro, na mchoraji wetu amezikwa. Macho yangu hayafai. Babu yako achore umbo la gauni, mara kumi ya ukubwa wa stika, kwenye karatasi ya kufuatisha ninayoiweka humu, kwa wino mweusi. Mkono ukitetemeka asijali. Kitu kikipunguzwa mara kumi, mtetemeko nao hupungua mara kumi.

Ikifika kabla ya tarehe ishirini nitachapa. Isipofika, mnunuzi atakuja na lori lake, nami karatasi hizi mia nne nitazitupa. Nyeusi sitapitisha juu ya gauni lile.

Mwonyeshe babu yako barua hii yote. Usimfiche kama nilivyokuficha.

Mama Stika


11 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nilimsomea yote. Nilipofika pale kwenye "picha haisahau", alilimalizia mwenyewe kabla yangu. Bibi, analijua kwa moyo. Mama hakuwa na habari kabisa kwamba aliwahi kuandika. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Babu alisikiliza vizuri mpaka kwenye wino mweusi. Hapo akanikatisha.

"Anataka nilichore jeusi?"

"Ni kwa ajili ya fremu, babu. Mchoro uwe mweusi ili kamera iukamate. Wino wenyewe utakuwa manjano."

"Miaka kumi na miwili wananiambia jeusi. Leo wananiletea karatasi nilichore jeusi kwa mkono wangu mwenyewe." Akairudisha karatasi kwenye bahasha. "Mwambie huyo mama nimemsamehe. Kuchora, hapana. Nimechoka."

Nilimweleza tena, nikamchorea fremu na kitambaa, akasema anaelewa, si mjinga, alichora mabango miaka thelathini.

Jana mjomba alipita. Nilimwambia kila kitu. Alikaa mlangoni na funguo za lori mkononi, kisha akaenda dirishani kwa babu. Nilimsikia akisema, "Baba, mimi ndiye niliyesema uliwachorea msiba." Babu akasema, "Hukuwa wa kwanza." Mjomba akasema, "Basi niwe wa mwisho." Mjomba aliondoka bila kunywa chai, mama akalalamika.

Sijui itakuwaje, Bibi. Naandika ili usisubiri bila habari. Karatasi bado imo kwenye bahasha.

Mjukuu


14 Aprili

Kwa Mama Stika.

Nimechora. Nimeharibu karatasi yako, hii ni nyingine, mjukuu aliinunua. Mkunjo wa kiunoni upo upande wa kulia, kwa sababu mkono wa komeo umevuta kitambaa. Mumeo aliuweka kushoto. Tazama picha, utauona.

Sitakuficha nawe. Nilipopata jibu lenu nilikasirika mwaka mmoja. Baadaye nikaanza kumwota yule mwanamke, na ndotoni gauni ni jeusi. Nikimwona mchana, jeusi. Nikajiambia, basi walikuwa na haki, nami niliwafungulia vijana wale mlango wa kaburi. Siku mjomba wa mtoto alipotania, manjano ilinitoka mdomoni bila mimi kujua kwamba bado ninayo. Nikaogopa kuidai.

Mjukuu hakuniuliza kama nina uhakika. Alikwenda kutazama mikanda.

Manjano ya mabomu haikuwa ya kung'aa. Changanya na tone la nyeupe na tone dogo la kahawia. Ukiona inafanana na kiini cha yai la jana, umepata.

Kazi ya mumeo kwenye namba za ubavuni ni safi. Hilo pia lisemwe.

Mchora Mabango


27 Aprili

Mjukuu,

Mchoro ulifika tarehe kumi na tisa saa nne asubuhi. Fremu ikakauka kesho yake. Manjano nilichanganya mara sita, ile ya sita nikaiacha. Nyeusi nikaipitisha kwenye komeo na nywele tu.

Maneno ya chini nimeyafuta. Nimeandika: "Mwanamke akifungua mlango. Rangi na gauni: mchoraji wa ndege hiyo. Namba na alama: mtafiti wa karakana hii." Nilidhani nitaona vigumu kumweka mume wangu nafasi ya pili. Nilipoyasoma yamechapwa niliona ametulia mahali pake. Alipenda usahihi, yule mtu, siku zote isipokuwa siku moja.

Wateja watatu wameshaniandikia kuuliza Mjane yuko wapi. Nimewajibu hakuwahi kuwapo. Mmoja amerudisha karatasi. Na airudishe.

Mashine imeondoka leo. Walipoinyanyua, sakafu chini yake ilikuwa na rangi zote za miaka yote, tabaka juu ya tabaka, na nimekaa kuitazama mpaka nimesahau kupika. Humu kuna karatasi tano. Mgongo unauma. Andika ukipata nafasi.

Mama Stika


9 Mei

Shikamoo Bibi,

Karatasi zimefika, hazikukunjika. Mama alizisoma kwanza, maneno ya chini, mara mbili, halafu akazipeleka dirishani kwa babu mwenyewe. Babu alizisogeza karibu na jicho zima. Alisema, "Mwanamke huyu anajua kuchanganya rangi," na nadhani alikuwa anakusema wewe.

Tumebandika leo baada ya shule. Nilitaka nibandike mimi kwa sababu ya mkono wake, lakini alishika koleo ndogo kabla yangu. Stika ilielea kwenye kisosi, akaitelezesha juu ya pua ya ndege, ikakaa upande, imeinama kidogo kuelekea mbele. Nikasema, "Babu, bado ina maji, naweza kuinyoosha." Akasema, "Iache. Ngazi nayo haikuwa imenyooka."

Mjomba alikuwepo. Hakutania. Aliuliza swali moja tu, nalo nilikuwa sijawahi kulisikia nyumbani kwetu: "Baba, hao vijana saba walikuwa nani?"

Mama alimtazama kwa macho makali. Nilidhani babu atakwenda kulala. Lakini ameivuta modeli karibu na kifua, ameweka kidole kwenye kioo cha mbele. Anasema aliyekaa hapo alikuwa mrefu, magoti yakimgonga kidevuni. Nyuma yake alikaa mmoja aliyekuwa akidaiwa barua tatu na mama yake, na kila asubuhi aliapa ataandika leo. Huyu wa mkiani alikuwa mdogo kuliko wote, na hakupenda kukaa peke yake, kwa hiyo alikuwa anaimba ili wenzake wamsikie.

Mama amekaa chini. Chai imepoa na hakuna anayeilalamikia.

Nisamehe Bibi, barua imekuwa fupi na mwandiko umeharibika. Naishia hapa. Amefika kwa wa nne, nami sitaki kukosa hata mmoja.

Mjukuu wako